Msimamizi Aliyekataa Sufuri

Msimamizi wetu wa maabara alifungua pakiti ya wipes, vile vitambaa vyenye unyevu, kutoka chini. Watu wengine wote huvuta kitambaa cha juu, kile kinachochungulia kwenye kidirisha. Yeye aliipindua pakiti, akaipasua tumbo kwa mkasi uliotoka kwenye mvuke wa kuua vijidudu, akachukua cha mwisho kabisa, kile kilicholala kwenye majimaji. Cha juu alikichukua pia, na cha katikati, kwa sababu kanuni zilitaka hivyo, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kile cha chini. "Maji hushuka," alikuwa akisema. "Na bakteria hana miguu, Muchiri. Anabebwa."

Kazi yetu ilikuwa hiyo. Viwanda vilituletea vitambaa vyenye unyevu, vya kutolea vipodozi, vya kupangusia watoto, vya kusafishia wazee wasioweza kuamka kitandani, na sisi tulitafuta kama kuna kitu kilicho hai ndani yake. Maabara ilikuwa upande wa Saint Paul, Minnesota, jengo lisilo na sura, katikati ya ghala la matairi na watu wanaokodisha mahema ya harusi. Nilifanya kazi chini ya mama huyu miaka mingi, na nataka niseme mapema kwamba haikuwa rahisi kumpenda. Dada yangu Wairimu alimchukia kabisa. Dada yangu alitaka kitu kimoja tu kutoka maabara yetu, jibu safi ili biashara yake isimame, na aliyekaa kati yake na jibu hilo alikuwa Msimamizi.

Alikuwa Mtanzania katikati ya Wakenya, na hilo peke yake lilitosha kumfanya azungumzwe. Kanisani kwetu, katika ule ukumbi wa shule tunaoukodi kule Apple Valley, vijana walimtania kwamba Kiswahili chake ni cha kusoma taarifa ya habari. "Na chenu kimeungua," aliwajibu, "kimeshika chini ya sufuria." Sisi hatuna mazoea ya shikamoo. Tulimsalimu "Habari ya asubuhi, Mum," na yeye akaitika "Marahaba," kwa sauti, kana kwamba tumeisema. Wageni walidhani hasikii vizuri. Alisikia kila kitu.

Alitukataza kunusa sampuli, na sababu alizitoa za kutosha. Halafu mimi mwenyewe nimemwona, si mara moja, ameshika pakiti mlangoni mwa chumba cha sampuli, amefumba macho, ananusa. Nilipomkamata alisema, "Mimi ni mzee, pua yangu haina thamani." Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa kunawa. Ungedhani mtu anayeshinda akipima vitu vya kulainisha ngozi angejipaka hata kimoja. Hakujipaka chochote, wala mafuta ya mgando, na wakati wa baridi vidole vyake viliacha alama ndogo za damu kwenye glavu.

Lakini nje ya maabara mama huyu hakuogopa uchafu hata kidogo. Alikula chakula cha kanisani kutoka sufuria yoyote, kachumbari iliyoshinda mezani mchana kutwa, maandazi yaliyoshikwashikwa na watoto wa Sunday school. Tunda alilipangusa kwenye sweta yake akaling'ata. Wauguzi wetu, na kanisa letu limejaa wauguzi, walimtazama kwa mshangao. "Bakteria wako kila mahali," aliwaambia huku akitafuna. "Mimi silipwi kuwaogopa. Nalipwa kusema wako wapi."

Kitu kimoja tu hakukivumilia jikoni, nacho ni sabuni. Baada ya ibada alisimama kwenye sinki na kurudia kusuuza vyombo ambavyo wenzake walikwisha kuvisuuza. Aliinua kikombe puani. "Nasikia sabuni." Akina mama walinuna, maana kwetu mwanamke kuambiwa vyombo vyake vinanuka sabuni ni kutukaniwa mama aliyemlea. Wairimu aliwahi kumnyang'anya bakuli mkononi. "Mum, hiyo nimesuuza three times, kwani unataka tusuuze mpaka rangi itoke?" Wakacheka wote wawili siku hiyo. Nakumbuka kwa sababu hawakucheka tena pamoja kwa muda mrefu sana.

Sasa nieleze habari ya sufuri, maana bila hiyo hutaelewa ugomvi wetu. Vitambaa hivi huwekwa dawa ya kuhifadhi, inayowazuia bakteria wasizaliane. Ukikipima kitambaa ovyo, dawa hiyo inafuatana na sampuli mpaka kwenye kisahani cha kuoteshea, na inaendelea kuzuia huko huko. Bakteria yupo, yu hai, lakini haoti. Wewe unaona kisahani kitupu, unaandika sufuri, unaenda nyumbani kwa furaha, kumbe hujapima kitu. Kwa hiyo kwanza kitambaa huloweshwa kwenye maji maalumu ya kuivunja nguvu ile dawa. Yeye aliyaita mchuzi, na maabara nzima ikafuata, hata Wamarekani, ambao walilitamka neno hilo kwa namna ya kuchekesha sana. Tena hakuuamini mchuzi wowote kabla ya kuujaribu. Alitia humo bakteria wachache anaowafahamu, makusudi, pamoja na kitambaa, akangoja. Wakiota, mchuzi unafanya kazi. Wasipoota, sufuri zako zote ni za bure.

"Sufuri nayo ihojiwe," alisema, na alilisema hilo mpaka tukachoka. Meneja wetu, Mmarekani mrefu mwenye haraka, aliyachukia maneno hayo hata kabla hayajatafsiriwa. Kila Ijumaa alikuja mlangoni kuuliza majibu ya wateja. Msimamizi alimpa kiti. Jibu hakumpa mpaka liwe tayari, na Meneja akakaa pale, magoti yakigusa meza, akitazama saa.

Wairimu alikuwa msaidizi wa wagonjwa kwenye nyumba za kutunzia wazee kwa miaka mingi kabla ya biashara. Aliona ngozi ya wazee inavyochanika. Alirudi nyumbani akinieleza habari za bibi mmoja aliyelia kila akipanguswa, kwa sababu vile vitambaa vya bei rahisi vilimkwaruza. Ndipo akaanza kutengeneza vyake, laini, vyenye mshubiri, akakodi chumba kwenye jengo la karakana kule Lakeville, akanunua tangi la kuchanganyia na mashine ya kufunga pakiti ambayo ilikwama kila baridi ilipozidi. Nilimsaidia kulibeba tangi hilo. Sijawahi kumwona dada yangu akiwa na furaha vile, hata siku ya harusi yake.

Kisha Mungu akafungua mlango, kama alivyosema mwenyewe kwenye ushuhuda kanisani. Mume na mke Wakenya wenye nyumba kadhaa za kutunzia wazee walimwambia watanunua vitambaa kwake tu, nyumba zote, mradi alete majibu ya maabara kabla ya mwisho wa mwezi. Akaacha kazi. Na sampuli akazileta kwetu. Hapo ndipo tulipokosea, maana sisi tukiwa na mtu wetu ndani ya ofisi tunaamini mlango uko wazi, na jambo litasukumwa. Wairimu hakuwa na nia ya kudanganya. Aliamini tu kwamba kwa kuwa mimi niko, mambo yataenda vizuri.

Msimamizi aliniita siku ile ile. Nilimwambia kabla hajauliza kwamba mteja ni dada yangu.

"Najua. Nimeona sura yako toka asubuhi," alisema. "Hutaigusa kazi hii. Hutaiuliza. Ukiiona mezani, pita upande mwingine."

"Sawa, Mama."

"Na usinikasirikie."

Nilimkasirikia. Nilikuwa nafanya kazi zangu upande wa pili wa chumba, na kila alipofungua kabati la joto, tunamooteshea visahani, niligeuza shingo. Visahani vya kwanza vilitoka vitupu. Sikuambiwa, lakini nilimwona Meneja akitabasamu, na kabla ya chakula cha mchana alikwisha kumpigia Wairimu simu kumwambia kwamba dalili ni nzuri. Hakuwa na ruhusa ya kusema hivyo, ila alitaka kumfurahisha mteja. Jumapili iliyofuata dada yangu akagawa pakiti kanisani, moja kwa kila familia, na watu wakapiga vigelegele. Msimamizi naye alipewa yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kwenye mkoba, wala hakuifungua. Wairimu aliliona hilo.

Jumatatu Msimamizi akakataa kutia sahihi. Bakteria aliowatia makusudi kwenye mchuzi pamoja na kitambaa cha Wairimu hawakuota. Hata mmoja. Maana yake mchuzi ulishindwa na dawa, na sufuri zote zilizomfurahisha Meneja hazikuwa jibu. Akasema ataanza upya, kwa mchuzi mkali zaidi, na kuchuja, na kusuuza kichujio mpaka dawa yote iondoke. Meneja alipandisha sauti. Nilimsikia kupitia mlango akisema mteja anangoja, mkataba unangoja. Sauti ya Msimamizi sikuisikia kabisa.

Jioni Wairimu akanipigia.

"Muchiri, huyo mama ana shida gani na mimi?"

"Hana shida na wewe. Anarudia test."

"Anarudia nini na meneja wenu ameni-tell iko clean? Hawa watu wa homes wananipigia kila siku. Nisipowapea report by Friday, wana-sign na mtu mwingine. Unaelewa? Mtu mwingine!"

"Naelewa. Lakini siruhusiwi kuuliza."

"Uko hapo ndani na huwezi kuuliza. Aki wewe. Kwani uko huko kufanya nini?"

Akakata simu. Nilikaa na ile simu mkononi. Swali lake lilinichoma.

Kanisani habari zilitangulia mbele ya ukweli, kama kawaida. Ni wivu. Ni Mtanzania, hawezi kuvumilia kuona Mkenya akiinuka. Kikulacho ki nguoni mwako. Mama mmoja alimwambia usoni, pale kwenye meza ya chai, "Mum, unamfungia mtoto wa watu riziki." Mchungaji alimwita pembeni kwa upole, na kwa kuwa nilikuwa nakunja viti karibu nao, nilisikia.

"Hakuna namna ya kumsaidia huyu dada?" Mchungaji aliuliza. "Wamesema ni safi."

"Wamesema hawajaona," alijibu. "Mchungaji, ukiwa na mzee kitandani, ana kidonda mgongoni, utampangusa na kitu ambacho watu hawajaona kilichomo?"

"Lakini familia hii inaumia."

"Naiona. Muchiri yule pale anakunja kiti kimoja tangu tuanze kuongea."

Ijumaa ikafika, ikapita. Wale wenye nyumba za wazee, kwa huruma ya Ukenya, wakamwongezea Wairimu wiki moja. Wiki hiyo nisingependa kuirudia. Theluji ilikuwa imeanguka mapema, barabara zimejaa chumvi, na mimi niliendesha gari kutoka kazini kila siku nikipanga maneno ya kumwambia Msimamizi siku atakapotoa sufuri ya pili, maneno makali, ya kumwaibisha. Niliyapanga vizuri sana.

Siku ya majibu aliniita mwenyewe. Alikuwa amesimama mbele ya taa na visahani vimepangwa, vya juu upande mmoja, vya katikati, vya chini. Vya juu vilikuwa na madoa machache. Vya chini vilikuwa vimefunikwa na utelezi wa rangi ya maziwa yaliyochacha, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Kaa chini," alisema.

"Ni vya Wairimu?"

"Nakuonyesha kwa sababu Meneja anampigia sasa hivi, na sitaki uyasikie kwake kwanza. Ni bakteria wa maji. Mimi na wewe hawatatufanya kitu. Mzee mwenye kidonda, au mwenye mapafu mabovu, wanaweza kumuua." Alizima taa. "Dawa ya dada yako iliwalevya tu. Wao ni wagumu."

Maneno yangu makali yote yaliniishia. Niliogopa, na nilimwogopea dada yangu kuliko nilivyowaogopea wale wazee. Ndivyo ilivyokuwa.

Wairimu hakukubali. Asingekubali yeyote mahali pake. Alimwambia Meneja kwa Kiingereza chake, "Huyo mama aje hapa kwangu aone vile nasafisha! Aje aone kama kuna mtu Minnesota nzima anasafisha kama mimi!" Na Msimamizi akaenda, siku hiyo hiyo mchana, nami nikamwendesha, kwa sababu yeye barabara kuu zilimshinda, aliendesha polepole mpaka malori yalimpigia honi.  Njia nzima alishika kisanduku cha vijiti vya pamba mapajani mwake.

Chumba cha Lakeville kiling'aa. Sakafu ungeweza kuilia. Wairimu alikuwa amevaa koti jeupe, nywele zimefungwa, midomo imebana. Hakutukaribisha chai, na kwa dada yangu hilo ni jambo kubwa.

"Nitaonyesha from the beginning," alisema. "Uangalie vizuri, Mum."

Akaosha tangi kwa sabuni ya moto. Akasugua pembe zote. Akasuuza. Akamimina dawa ya kuua vijidudu, akaizungusha, akaiacha ikae kama maandishi ya chupa yanavyotaka, hata zaidi. Msimamizi alisimama mikono nyuma na kutikisa kichwa kwa kukubali kila hatua. Nilianza kupata tumaini. Niliona hata Wairimu mabega yakimshuka kidogo.

Kisha dada yangu akachukua mpira wa maji uliokuwa umekunjwa ukutani, mpira wa kijani wa bustani, akafungua bomba, akalisuuza tangi mara ya mwisho, kwa uangalifu kabisa, mpaka harufu ya dawa ikaisha. Akafunga bomba, akaukunja mpira, akaurudisha kwenye ndoano yake. Maji kidogo yakadondoka kutoka mdomo wa mpira.

 Mashine ya kupasha joto ilikuwa inavuma.

"Hiyo ya mwisho," Msimamizi alisema taratibu, "nani alikufundisha?"

"Ipi?"

"Kusuuza baada ya dawa."

Wairimu alimtazama kama amemuuliza nani alimfundisha kutembea. "Mama yangu. Si lazima utoe dawa? Utawekea watu chakula kwa sahani ina Jik? Hawa ni wagonjwa, Mum. Siwezi waachia dawa kwa ngozi."

"Na mimi mama yangu alinifundisha hivyo hivyo," alisema Msimamizi. Alivaa glavu, akauendea mpira, akaingiza kijiti cha pamba ndani ya mdomo wa mpira huo, akakizungusha. Kilipotoka, hata mimi bila kioo cha kukuzia niliona utelezi. "Maji hulala humu siku nzima, usiku kucha. Unaua kila kitu, halafu bakteria unawaleta tena kwa mkono wako."

Wairimu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakulia. Alitazama ule mpira tu.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza.

"Mimi kazi yangu ni kutoa jibu. Mengine ni yako, mwanangu."

Nilimchukia Msimamizi kwa sentensi hiyo. Nilitaka aseme kitu kingine, kwamba litaisha, kwamba atazungumza na wale wenye nyumba za wazee. Alivua glavu, akanishukuru kwa kumfungulia mlango, akaenda kuningoja kwenye gari.

Wairimu angeweza kunyamaza. Zile pakiti za kanisani hakuna aliyekuwa akizifuatilia. Jumapili, wakati wa matangazo, aliinua mkono, akapewa kipaza sauti, watu wakatabasamu wakidhani ni ushuhuda mwingine.

"Zile wipes niliwapatia, naomba mnirudishie," alisema. "Hata kama umefungua. Ziko na bakteria. Usipanguse mtoto, usipanguse mgonjwa. Ni makosa yangu, si ya mtu mwingine."

Vyuma vya joto viligonga ukutani. Msimamizi alikuwa safu ya tatu, ameinamia viatu vyake. Baada ya ibada watu walipanga foleni kwenye buti ya gari la dada yangu, kwenye baridi, wakirudisha pakiti. Bibi mmoja alikataa kuachia ya kwake kwa sababu inanukia vizuri, ikabidi Wairimu amfungue vidole kimoja kimoja, akimwomba msamaha. Mwisho akaja Msimamizi na yake, haijafunguliwa. Wairimu aliipokea, akaitupa juu ya nyingine, akafunga buti kwa kishindo.

"Umefurahi?" alimuuliza.

 Msimamizi alisimama pale mpaka gari likaondoka.

Wale wenye nyumba za wazee wakatia sahihi na mtu mwingine. Wairimu alitupa mpira, akabadilisha kila kitu, akapeleka sampuli maabara nyingine na zikapita kwa haki. Lakini Wakenya wa hapa tunajuana wote, na kila alikopeleka vitambaa vyake habari ilikuwa imefika kabla yake. Mwaka ulipoisha aliuza tangi na mashine, akarudi kwenye shifti zake za kuogesha wazee. Kanisani, Msimamizi akigusa sufuria jikoni, mtu aliichukua mkononi mwake kwa heshima na kumwambia apumzike. Aliendelea kuja. Alikaa safu ile ile, akaitika "Marahaba" kwa watu ambao sasa hawakumsalimu kabisa.

Miaka ikapita, akastaafu, na baadaye nikasikia anaumwa, ugonjwa wa damu, na matibabu yameimaliza kinga yake. Nilikwenda kumwona kwenye nyumba yake ya kupanga kule Columbia Heights. Gari langu lilikuwa gereji, kwa hiyo Wairimu akanipeleka. Alikubali kunipeleka, basi.

"Nita-wait kwa gari," alisema tulipofika. "Ten minutes, Muchiri. Usikae huko ukiongea."

Nilimkuta Msimamizi kwenye kiti karibu na dirisha, kilemba kichwani, amekuwa mdogo. Midomo ilikuwa na vidonda na macho yamegandamana pembeni. Tulisalimiana. Alichungulia nje.

"Yule ndani ya gari ni dada yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Ataganda. Mwite apande."

Nilimpigia simu Wairimu nikijua atakataa. Nikasikia mlango wa gari. Aliingia, akavua buti mlangoni, akabaki amesimama na koti. Walitazamana. Nilitamani niwe mahali pengine popote. Kisha nikaona macho ya dada yangu yakifanya ile kazi yake, yakishuka kutoka kilembani hadi kwenye macho, midomo, shingo, mikono.

"Nani anakuosha?" aliuliza.

"Yuko binti anakuja. Leo theluji imemzuia."

"Na jana?"

"Jana pia."

Wairimu alivua koti. Aliwasha birika, akaenda kwenye sinki, akakunja mikono ya sweta, akanawa mpaka kwenye viwiko, katikati ya vidole, chini ya kucha, akanawa tena. Msimamizi hakuondoa macho kwenye ile mikono. Maji yalipochemka aliyamimina kwenye bakuli, akangoja yapoe, akatafuta taulo safi kabatini. Aliivuta stuli, akakaa mbele yake.

"Niliomba visiote," Msimamizi alisema.

"Nini?"

"Visahani vyako. Nilirudia kwa sababu nilitaka nikupe sufuri ya kweli. Nilikuwa nawaombea wazee, na nakuombea wewe, yote pamoja. Asubuhi ile nilifungua kabati nikarudi nikalifunga. Nilikaa kwanza."

Dada yangu alilichovya taulo, akalikamua. Maji yalidondoka kwenye bakuli.

"Ulinimaliza," alisema.

"Najua."

"Na ulikuwa right. Hiyo ndio inaniuma mpaka leo. Ungekuwa umekosea, ningekusamehe haraka."

 Mikono iliyopasuka ya Msimamizi ilikuwa imelala juu ya magoti. Wairimu aliinua taulo karibu na uso wake, akasita.

"Hutapima kwanza?"

Msimamizi alimtazama kidogo. Halafu akainua uso, akafumba macho.

"Pangusa, mwanangu."

Wairimu akaanza na paji la uso.